Msipake lami kabla hamjajua maji yanaingilia wapi

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu mabanda ya mabati yanayovuja, maana watu wanamaliza hela kwa lami na silikoni na mvua ikirudi tone liko palepale.

Mtu anaona maji yanadondoka konani, anapanda juu anapaka usawa wa tone, anashuka. Maji hayaendi hivyo jamani. Yakishapenya yanateleza upande wa chini wa bati kufuata mteremko, yakikutana na papi, ile mbao inayoshika bati, yanatembea nayo mpaka yapate pa kudondokea, kwa hiyo tundu lenyewe mara nyingi liko juu zaidi, kuelekea kwenye kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa. Ingia ndani jua likiwaka, funga mlango, penye kamwanga ujue pana tundu. Lakini msumari uliolegea hauoneshi mwanga, hapo inabidi mmoja abaki ndani mwingine ashike mpira wa maji nje, aanze kumwagia chini kwenye ukingo, asubiri, ndo apande juu kidogo kidogo. Ukianzia juu maji yanashuka paa zima na hutajua yameingilia wapi.

Misumari ndo inayosumbua kuliko vyote. Bati linatanuka kwa joto mchana usiku linasinyaa, kila siku hivyohivyo, msumari unajing'oa taratibu na raba ya chini ya kichwa chake inakauka inapasuka. Kuugongelea tena kwenye tundu lililoshapanuka ni kazi bure, utoe uweke skrubu nene zaidi yenye raba mpya, usiikaze mpaka raba ipondeke, na kama papi imeoza badilisha kwanza mbao. Kwenye bati la mawimbi msumari unakaa mgongoni, sio bondeni maji yanakopita, na bado naona watu wanapiga bondeni!

Halafu kuna pale bati linapolalia lingine. Wakibania bati wakalalisha chini ya sentimita 15, hasa paa likiwa limelala sana, upepo unasukuma maji yanapanda na kuingia kati, na lami ya juu juu haisaidii, mnalegeza skrubu mnaziba katikati ya bati na bati. Saruji msiweke kabisa, bati linacheza saruji haichezi, inapasuka, na ikiwa mbichi inakula zinki inayolinda bati.

Mafundi nao naomba sana, usimtoze mtu hela ya kuziba kabla hujamuuliza maji yanadondoka saa ngapi. Kama ni alfajiri na mvua haijanyesha, hilo ni jasho la bati, mvuke wa ndani umegusa bati la baridi ukageuka maji, na dawa yake ni kufungua matundu ya hewa juu ya ukuta.

Msomaji wako wa siku nyingi