Ile pointi ya mwaka jana

Ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku Mombasa hatujambo, na mama bado anakuulizia kila akipika mbaazi. Nimekupigia simu mara mbili nikakata kabla hujashika, kwa sababu jambo lenyewe halisemeki kwa simu. Basi bora niandike.

Jumamosi iliyopita klabu yetu ya sataranji ilifanya mashindano ya blitsi, ile sataranji ya haraka, ukumbini palepale, raundi 9. Ila safari hii saa zimebadilika. Zile za mishale, zenye kibendera chekundu kinachoinuka polepole kisha kikadondoka muda wako ukiisha, zimetiwa sandukuni. Tumechanga tukanunua za dijitali. Badala ya dakika 5 kavu kwa kila mchezaji, unaanza na dakika 3, na kila ukicheza ukabonyeza, saa inakuongezea sekunde 2. Ndivyo wanavyocheza hata kwenye ubingwa wa dunia wa blitsi wa FIDE, shirikisho la sataranji duniani.

Wazee walinung'unika wee. Dakika 3, wakasema, hata kahawa haijapoa. Nami nilikuwa upande wao, mpaka nilipokaa nikapiga hesabu. Mchezo ukifika hatua 60, zile sekunde mbilimbili zimeshakuwa dakika 2 kamili. Tatu na mbili ni tano. Muda ni uleule, ila sasa umegawanywa kwa namna ambayo mtu mwenye ushindi mezani anapata nafasi ya kuumaliza.

Hilo nililiona kwa macho yangu raundi ya 7. Pointi zetu zilikuwa sawa, nikapangiwa binti wa sekondari. Mtoto anacheza huyo! Kete anaisogeza na saa anaibonyeza kwa mkono mmoja, kama sheria inavyotaka, na ule mwingine ameukalia kabisa usije ukamponza. Alinitoa jasho. Mwishowe nikabaki na mfalme na ngome, yeye mfalme peke yake, na saa yangu inasoma sekunde 4. Vidole vikanitetemeka. Nikasogeza ngome, nikabonyeza: 6. Nikasogeza mfalme: 7. Nikaanza kupumua. Nikamrudisha mfalme wake mstari kwa mstari hadi ukingoni mwa ubao, hatua kumi na kitu, na pale hakuwa na pa kwenda. Akanipa mkono, akaondoka kutazama meza nyingine.

Mimi sikuinuka. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Unakumbuka, meza ya dirishani. Ulikuwa na ngome na askari wawili, mimi nimebakiwa na askari mmoja tu. Watu wote waliotuzunguka walijua mchezo ni wako. Kibendera chako kikadondoka, nami nikasimamisha saa nikamwita mwamuzi. Muda wako ulikuwa umeisha, na sheria ilikuwa upande wangu, kwa ajili ya yule askari mmoja ambaye kwaye bado ningeweza kushinda. Ningekuwa na mfalme mtupu ingekuwa sare. Wewe hukubisha. Ulizikusanya kete zako moja moja ukazirudisha kwenye mfuko wa kitambaa, ukatoka. Mwezi uliofuata ukahamia Malindi kikazi, na tangu hapo tumekuwa watu wa kupelekeana salamu za Idi.

Mwaka mzima nimekuwa nikijiambia kwamba kudai ni haki ya mchezaji. Ni kweli, na hilo silirudishi nyuma. Lakini nilicheka, ndugu yangu. Nilicheka mbele ya watu, nikapiga meza kwa kiganja, kana kwamba nimekuzidi kwa akili, na wewe ndiwe uliyenifundisha jinsi farasi anavyotembea, pale barazani kwenu, kwa kete zilezile. Hilo ndilo ninaloomba unisamehe. Nilipaswa kukuomba siku ileile, kabla hujafika mlangoni.

Mashindano mengine ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, yanaanza saa nne. Ukipanda matatu baada ya sala ya alfajiri utafika kwa nafasi, na kwetu kuna kitanda. Nimeshazungumza na mwamuzi kuhusu meza ya dirishani. Tafadhali njoo na kete zako za mbao, zile ambazo farasi mweusi amekatika sikio. Hizi za plastiki za klabu ni nyepesi mno, ukibonyeza saa kwa nguvu zinaruka.

Mama anasema usipofika atakuja kukuchukua mwenyewe.

Ni mimi nduguyo