Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi hawajaambiwa

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu ndugu wanaowaondoa wagonjwa wa kiharusi wodini imenifanya nishike kalamu baada ya kukaa kimya muda mrefu. Mwandishi wenu amemhoji daktari, amemhoji na mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, na wote wawili wamesema ndugu hawana elimu: wanakimbilia kwa waganga wa jadi, wanahamisha mgonjwa ovyo, wanamlisha mtu asiyeweza kumeza. Hakuna ndugu aliyeulizwa. Hakuna muuguzi aliyeulizwa. Mimi nimekuwa vyote viwili. Nilifanya kazi wodi ya wanaume tangu ujana wangu mpaka nikastaafu, na mwaka jana nilikaa upande wa pili wa kitanda, nikiwa dada wa mgonjwa.

Kaka yangu alianguka alfajiri akitawadha. Presha alikuwa nayo, dawa akimeza siku anayojisikia vibaya tu, kama wengi wetu. CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, ilionyesha mshipa umepasuka na damu imetapakaa sehemu kubwa ya ubongo. Tangu siku ya kwanza hakufumbua macho wala hakushika mkono wa mtu. Alikuwa anakoroma, pumzi inakatika, kisha inarudi kwa nguvu. Muuguzi yeyote aliyekaa wodini anaijua pumzi ile. Kiharusi cha mshipa kupasuka huua takribani watu 40 katika kila 100 ndani ya mwezi mmoja, na aliyefikishwa katika hali kama ya kaka yangu nafasi yake ni finyu zaidi. Daktari alilijua hilo. Lakini kila asubuhi raundi ilipopita na wifi yangu akauliza, alijibiwa: "Tunaendelea na matibabu, tumwombe Mungu." Mtu akisikia hivyo anaelewa kwamba dawa ya kumponya ipo, ila inachelewa kufanya kazi.

Basi wifi akafanya ambacho mke yeyote angefanya. Mgonjwa alikuwa amewekewa mpira puani, anapewa uji mwepesi kwa bomba la sindano, lakini machoni pa wifi hicho hakikuwa chakula. Usiku mmoja nilimkuta amemwinua mumewe kichwa kwa kiganja cha kushoto, mkono wa kulia ana kijiko cha chai ya rangi, chai inachuruzika pembeni ya mdomo mpaka kwenye shuka, naye anambembeleza: "Bwana wangu, meza kidogo tu, usiondoke na njaa." Chai ile ikiingia mapafuni inaleta nimonia. Muuguzi wa zamu akamfokea mbele za watu. Na muuguzi yule naye alikuwa peke yake, wodi imejaa mpaka wagonjwa wa kulala chini, na kila baada ya saa mbili alitakiwa awageuze wote wasiojiweza wasipate vidonda mgongoni. Baadaye alinifuata koridoni, kwa kuwa alishajua mimi ni wa fani, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, sisi tunaona mzee anaondoka. Lakini nikisema, kesho ndugu wataniripoti kwamba nimemtakia mabaya, na daktari ataniuliza nani amenituma." Maneno hayo niliyasikia kwa wenzangu miaka yote ya kazi yangu. Muuguzi ndiye anayekesha na mgonjwa, ndiye anayeulizwa na ndugu saa nane za usiku, na ndiye asiyeruhusiwa kujibu.

Nilisema mimi. Watoto wa kaka wakaniambia, "Shangazi, umekata tamaa mapema," wakataka wasikie kwa daktari. Daktari hakulisema. Ndipo wakaamua baba yao apelekwe Dar es Salaam, na rufaa ikaandikwa bila mtu kuwakalisha chini na kuwaeleza kwamba huko aendako hakuna kitakachobadilika. Walipouza kipande cha shamba kulipia gari la wagonjwa, mnadhani walikuwa wakaidi? Walikuwa wanamwokoa baba yao kwa kadiri walivyoambiwa. Kaka yangu alikata roho ndani ya gari lile kabla ya kufika Dar es Salaam, dereva akiyapita malori. Hakutamkishwa shahada sikioni. Hakusomewa Yasini. Hakuelekezwa kibla. Kijana wake aliyekuwa naye hakujua kwamba ndiyo safari yenyewe, kwa sababu aliambiwa baba anakwenda kutibiwa. Wifi alikuwa nyuma kwenye basi, maana ndani ya gari aliruhusiwa ndugu mmoja tu. Mpaka leo analia kwamba mumewe alikufa na watu wa barabarani. Hicho ndicho makala yenu inakiita kuhamisha mgonjwa ovyo!

Sisemi kila mwenye kiharusi aachwe. Wapo wengi wanaoinuka na kutembea, na wa mshipa ulioziba akifikishwa ndani ya saa nne na nusu mahali penye dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, anaweza kuokolewa na ulemavu mkubwa. Nawasemea wale ambao daktari mwenyewe moyoni anajua hawatarudi. Kwa saratani nchi hii tiba shufaa tunaijua, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito na kuwasaidia ndugu zake. Pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wagonjwa wamepewa mofini, dawa ya maumivu makali, kwa miaka mingi na familia zinazungumzwa nazo. Wenzetu wa Uganda tangu 2004 wamewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuimarisha tiba hiyo, na halikuwekwa kwa ajili ya saratani peke yake. Mbona wa kiharusi hakumbukwi? Mkoromo ule unaweza kupungua mgonjwa akilazwa ubavu na kupewa dawa ya kukausha mate. Homa inashushwa. Midomo iliyokauka inalainishwa kwa pamba iliyolowekwa maji safi, na kazi hiyo mke anaiweza kuliko sisi. Laiti wifi angeambiwa ukweli na kupewa pamba ile mkononi, kijiko cha chai angekiweka chini mwenyewe.

Na la getini nalo nilisemee. Sheikh wa mtaa wetu alirudishwa mara mbili na walinzi kwa kuwa si saa ya kuona wagonjwa, na jirani yetu Mkristo aliyelazwa wodi hiyo hiyo, mchungaji wake alirudishwa vilevile. Kwa mgonjwa wa malaria atakayetoka Ijumaa, sawa, asubiri saa kumi. Anayekufa hana saa kumi.

Ninachoomba hakihitaji fedha za wafadhili. Kila wodi ya wagonjwa wa ndani itenge chumba kimoja chenye mlango unaofungika na viti sita, hata kama ni stoo ya magodoro iliyosafishwa. Siku ya tatu ya mgonjwa wa kiharusi asiyezinduka, saa kumi na mbili jioni baada ya muda wa kuona wagonjwa, ndugu wakiwa bado wapo wote, daktari aingie humo pamoja na muuguzi wa zamu, wakae, na daktari aseme wazi anachokiona. Kilichosemwa kiandikwe kwenye faili, ili muuguzi wa usiku akiulizwa awe na ruhusa ya kujibu lile lile. Rufaa yoyote isisainiwe kabla ya kikao hicho. Na faili lenye maandishi hayo lipewe kikaratasi cha kumwonyesha mlinzi, sheikh au padri apite saa yoyote.

Mwandishi wenu akirudi hospitali ile kwa makala nyingine, naomba aanze na wauguzi wa zamu ya usiku.

Muuguzi mstaafu,
Kibaha