Mmehesabu viti, mlango je?

Mhariri habari za kazi. Nimesoma makala yenu ya hizi MOF, yale mavitu yenye vitundu vidogo vya kunasa gesi yaliyowapa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Nobel ya kemia 2025, mkasema gramu chache zina eneo la ndani kama uwanja wa mpira kwahiyo hewa ukaa kwisha habari yake. Ya uwanja ni kweli kabisa, ila hapo mmehesabu viti vya daladala mkasahau mlango.

Mwenye daladala hali viti, anakula tripu. Haya mavitu nayo hivyohivyo, unayajaza hewa ukaa, unayapasha moto yaiteme, unaanza upya, sasa kama kujaa tu kunakula saa nzima badala ya dakika chache itabidi ununue mzigo mwingi zaidi kukamata kiasi kilekile.

Na kuipima hiyo spidi ya kujaa ni kasheshe. Niliwahi kuifanya hii kazi maabara, na zeolaiti 13X, kitu kingine chenye vitundu vya kunasa gesi, unga kiduchu kwenye mizani unapitishia gesi unaangalia uzito unavyopanda, ikapanda fasta mpaka nikachekelea. Tukaja kwenye tofali lenyewe la hiyohiyo 13X, lile lenye matundu yaliyonyooka kama sega la nyuki ili feni isihangaike kusukuma hewa, mambo yakawa ya kobe, nami nikaandika kwenye daftari kwamba gesi imekwama vitunduni. Wapi! Tulipochomeka kipimajoto katikati kumbe tofali linachemka, maana gesi ikinata inatoa joto, na likishapata joto halishiki vizuri mpaka lipoe, yaani siku zote zile nilikuwa napima kupoa kwa tofali! Ndo tukajifunza kubadilisha gesi ya kubebea, ile inayochanganywa na hewa ukaa kuisafirisha, leo heliamu kesho naitrojeni, spidi ikibadilika tunaanza kushuku njia kubwa kati ya chembe au joto, isipobadilika tunatafuta mchawi kwingine.

Halafu unyevu. 13X ikiona maji inaisahau hewa ukaa, na hewa ya Dar sio ile kavu ya kwenye mtungi. CALF-20, MOF iliyotoka chuo kikuu cha Calgary, Kanada, inasifiwa sababu inavumilia unyevu, mngeigusia hata mstari mmoja jamani.

Basi mwandishi wenu akikutana tena na hawa wataalamu awaulize hilo livitu lao limejaa kwa dakika ngapi, lilikuwa unga au tofali, na hewa ilikuwa na unyevu kiasi gani.

Msomaji wenu, Dar es Salaam