Kwa kijana wa bodaboda, stendi ya Moshi

Kijana wangu, jina lako sikuuliza. Nimejilaumu tangu Juni.

Nilikuwa nimeshuka kwenye Hiace ya kutoka Marangu, matanga ya mke wangu yamekwisha wiki moja tu, na kichwa hakikuwa changu. Gari lilipogeuza kurudi ndipo nikakumbuka mkoba. Ulinikuta nimeduwaa, ukauliza, "Babu, umepoteza nini?" Nikasema madaftari. Wapiga debe walicheka. Wewe ulisema panda.

Tulilipata gari Kiboriloni, likipakia viroba vya mitumba. Mkoba ulikuwa bado chini ya kiti cha nyuma. (Helmeti ulinipa mimi, wewe ukaendesha kichwa wazi. Hilo usirudie.)

Hukujua kilichokuwamo. Niliandika miaka thelathini na kitu kabla ya kustaafu, na mke wangu ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza. Pembeni mwa kurasa kuna kalamu yake nyekundu: "hapa umedanganya", "hapa nimelia", "chai ipo mezani". Mwaka huu nimemzika yeye, na mwezi wa tisa kaka yangu mkubwa, wote kihambani, pale kwenye migomba. Sauti ya mke wangu sina popote ila hiyo ya wino.

Ulikataa hata hela ya mafuta. Asante sana, mwanangu. Jumamosi huwa nakaa pale stendi, upande wa magari ya Marangu, hadi saa tano asubuhi. Mkoba ni ule ule. Ukiuona, njoo tunywe supu.