Msimwambie mama "punguza mawazo" kabla ya kumpima vizuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya neno moja ambalo hapa Pemba halikosekani mtu akipimwa presha ikaonekana juu: mawazo.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kituo cha afya. Tulitoka Konde asubuhi, gari imejaa, tukafika tukapanga foleni. Alipoitwa tu akakalishwa kwenye stuli isiyo na egemeo, miguu inaning'inia. Mkanda ukafungwa juu ya mkono wa buibui, na huku anapimwa anaulizwa masuali naye anajibu. Ikasoma 168 kwa 102. "Bibi, punguza mawazo," akaambiwa, akaandikiwa dawa. Hakupimwa mara ya pili. Njia nzima ya kurudi alikuwa kanishika mkono, ananiuliza kama na yeye atapooza kama shemegi yake.

Khofu inapandisha presha, hilo ni kweli. Mtu akiogopa mwili humwaga adrenalini (kichocheo cha mwili cha wakati wa khofu) kwenye damu, moyo ukaenda mbio, mishipa ikabana. Khofu ikipoa, presha nayo hushuka. Wako ambao hupanda kwa kuona koti jeupe tu, na nyumbani wako sawa. Ndiyo maana kupima kuna utaratibu wake: mgonjwa akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, mkono mtupu usawa wa moyo, awe ameshakwenda haja ndogo, na nusu saa nzima hajagusa kahawa wala sigara. Apimwe zaidi ya mara moja. Kama si ya juu mno ya kutaka matibabu hapo hapo, basi 140 kwa 90 au zaidi ionekane siku mbili tofauti ndipo aambiwe ana ugonjwa.

Siku ya tatu tulikwenda kwengine. Muuguzi akamwambia, "Kaa upumzike kwanza, mama." Akamkunja mkono wa nguo taratibu, akanyamaza. 134 kwa 82. Akatutaka tuandike vipimo vya nyumbani wiki nzima, asubuhi na jioni, turudi na daftari.

Lakini neno hilo hilo, mawazo, ndilo lililomponza ami yangu. Yeye presha yake ilikuwa ya kweli, akameza vidonge miaka, ila moyoni akiamini inatokana na kesi ya shamba la mikarafuu. Kesi ilipokwisha akasema mawazo yameondoka, dawa za nini? Hakuumwa kichwa, hakuona kizunguzungu, karafuu alipanda kuchuma kama kawaida. Alfajiri moja tukamkuta kwenye mkeka wa kusalia, upande wa kulia hauna nguvu, maneno hayatoki. Presha nyingi hukaa kimya namna hiyo, na kutulia kwa moyo si dalili kuwa imepona.

Mawazo ya muda mrefu yana madhara yake pia: usingizi hukatika, mtu huzidisha sigara, hatembei. Anayekosa usingizi kwa khofu wiki baada ya wiki aulizwe kinachomsibu na asaidiwe. Kumwambia apunguze mawazo hakumsaidii kitu.

Ninachoomba kwa wakuu wa vituo vyetu ni kiti chenye egemeo kwenye chumba cha kupimia, na mgonjwa aachwe dakika 5 zake bila ya kusemeshwa. Foleni ni ndefu, najua. Basi hizo dakika akae kwenye kiti hicho huku wa mbele yake anaandikiwa.

Msomaji wako,
Konde, Pemba