Kukaa kimya si kuritadi

Ndugu Mhariri,

Juzi jirani yangu aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba nimeiba, iwapo kweli naingia kwenye hekalu la Wabudha hapa Upanga. Naam, naingia. Nakaa kimya nusu saa nikifuata pumzi, kisha narudi kuwahi sala ya Magharibi.

Hekalu lenyewe si geni. Lilianzishwa na Wasinhala wa Ceylon, Sri Lanka ya leo, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sijaombwa hata siku moja kubadili dini, wala kuisujudia sanamu.

Ila nina neno kwa wote wanaofundisha kutafakari: semeni wazi lipi ni zoezi na lipi ni ibada. Mwislamu akialikwa kwenye “kutuliza mawazo”, halafu akute ubani na sanamu, atahisi ametegwa, na hapo msimlaumu. Indonesia, yenye Waislamu zaidi ya milioni 200, sikukuu ya Wabudha iitwayo Waisak ni mapumziko ya kitaifa, na watawa huandamana hadi Borobudur, hekalu lao la kale, mchana kweupe. Hakuna anayenong’ona.

Mkazi wa Upanga,
Dar es Salaam