Baba ana ugonjwa wa usahaulifu na hutembea usiku kijijini: tumhamishe, au tuwaeleze majirani?

Mhariri,

Ninaandika nikiwa Mombasa, lakini jambo lenyewe liko Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, nyumbani kwa baba yangu mzazi mwenye umri wa miaka 81. Ninaomba ushauri wa wasomaji wako, hasa wale waliowahi kumtunza mzee aliyepatwa na ugonjwa wa usahaulifu katika kijiji ambako mvi pekee zinatosha kumfanya mtu ashukiwe uchawi. Madaktari tumewaona, ndugu tumeketi na kuzungumza, na bado hatujakubaliana.

Baba alikuwa mgema. Kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alipanda minazi alfajiri na jioni, akatusomesha watoto wanne kwa tembo na nazi, na heshima aliyokuwa nayo kijijini ilitokana na kumbukumbu yake. Ugomvi wa mashamba ulipozuka aliitwa yeye aje aonyeshe ulipokuwa umesimama mkorosho wa mpaka, na neno lake halikupingwa. Tangu mama alipofariki anaishi katika boma letu pamoja na kaka yangu mkubwa, wifi yangu na watoto wao. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mume na watoto. Dada yetu ameolewa Malindi, na mdogo wetu wa kiume yuko Qatar anakofanya kazi ya ulinzi.

Mwanzoni tulidhani ni uzee tu. Aliuliza swali lile lile mara tatu kabla chai haijapoa, akawaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa. Kisha zikaja asubuhi alizoamka akitokwa na jasho jingi, akitetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Tulimleta katika hospitali ya serikali hapa Mombasa, na ninamshukuru daktari aliyempokea kwa sababu hakuharakisha kuupa ugonjwa jina. Alitueleza kwamba mzee anaweza kuchanganyikiwa kwa sababu nyingi na kwamba baadhi ya sababu hizo hutibika: sukari kushuka, maambukizi katika njia ya mkojo, tezi ya shingoni kutofanya kazi sawasawa, huzuni kubwa baada ya kufiwa, au upungufu wa vitamini B12, ambao unaweza kumpata mtu aliyetumia metformini kwa miaka mingi kama baba. Akatuagiza tumletee kila dawa iliyokuwa chumbani mwa mzee.

Katika mfuko wa dawa mlikuwa na glibenklamaidi, vidonge vya kushusha sukari alivyoandikiwa zamani. Baba alikuwa akimeza, anasahau kwamba amemeza, anameza tena, kisha anakataa chakula cha jioni kwa kudhani amekwisha kula. Dawa hiyo hufanya kazi mwilini kwa muda mrefu, na kwa mzee ambaye figo zake zimepungua nguvu inaweza kuishusha sukari mpaka akapoteza fahamu. Daktari aliiondoa, akabadilisha dawa nyingine, na sasa wifi yangu ndiye anayezishika zote na kumpa mkononi, akisubiri mpaka ameze. Zile asubuhi za jasho zimekwisha. Yeyote mwenye mzazi anayeugua kisukari ningemsihi aanzie hapo kabla ya kuamini kwamba akili ya mzee imeondoka.

Hata hivyo usahaulifu wenyewe haukuondoka. Baada ya vipimo daktari alituambia kwamba baba ana dimenshia, na kwamba yaelekea imetokana na mishipa ya damu ya ubongo iliyoharibiwa na presha na kisukari kwa muda mrefu. Hakuna dawa ya kuirudisha hali ya zamani. Lililopo ni kudhibiti presha, kumlinda asianguke, kumpangia siku yenye utaratibu mmoja, na kumtunza kwa upole.

Mchana tunamudu. Linalotutia hofu ni usiku, kwa sababu jua likizama baba huanza kuhangaika, na saa tisa au saa kumi usiku, saa ambayo mgema hujitayarisha kwenda kazini, huamka, huchukua fimbo na kutoka nje. Usiku mmoja alikutwa katika ua wa jirani, ameukumbatia mnazi, kisu cha kugemea kikiwa kiunoni, mguu mmoja tayari umekanyaga kidato cha kwanza. Aliyemkuta alimwita kwa jina, naye akajibu kwa utulivu kabisa kwamba amechelewa kushusha tembo. Mnazi ule aliwahi kuukodi na kuugema kabla mimi sijazaliwa. Tungeshukuru tu kwamba hakupanda, kwa maana kuanguka kutoka hata kidato cha tatu kungemvunja nyonga, lakini nyumba ile ilikuwa na mtoto mwenye homa kali. Mtoto alipelekwa zahanati, akapatikana na malaria, akatibiwa na kupona. Maneno nayo yalikuwa yamekwisha kutoka: mzee gani huyu anayezunguka usiku kwenye nyumba yenye mgonjwa, akiwa na kisu?

Wasomaji wa Pwani hawahitaji kuelezwa ninachokiogopa. Kwa miaka mingi wazee wa Kilifi wamekuwa wakivamiwa na kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna shamba. Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia makwao kwa tishio hilo. Kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Nilipokwenda nyumbani mwezi uliofuata nilimkuta baba naye amepakwa. Wifi yangu alifanya hivyo kwa mapenzi, bila kumwambia mtu, na kandokando ya masikio ngozi ilikuwa na madoa meusi ambayo baba aliyasugua kwa kidole gumba huku akiniuliza ni nani aliyempaka masizi.

Kaka yangu alianza kuufunga mlango wa baba kwa kufuli kwa nje kila usiku. Ninamwelewa, kwa sababu ndiye anayeamka, na ndiye anayekutana na macho ya watu kisimani. Lakini chumba kile kimeezekwa kwa makuti, umeme haujafika, na baba hawezi kulala bila koroboi. Nilimwomba aondoe kufuli, naye akakubali kwa sharti kwamba mjukuu mkubwa alale mlangoni, jambo ambalo haliwezi kudumu kwa kijana anayekwenda shule. Binamu mmoja alipendekeza tununue vidonge vya usingizi. Nilimuuliza daktari, akatukataza. Alisema kwamba vidonge hivyo humfanya mzee ayumbe na kuanguka, humwongezea kuchanganyikiwa, na kwamba dawa kali za kutuliza akili huongeza hatari ya kiharusi kwa wenye dimenshia. Akatushauri tumchoshe baba mchana kwa kazi nyepesi, tumpunguzie usingizi wa adhuhuri na tuangalie kama haamshwi na haja ya mkojo. Tumefuata, na zipo siku ambazo imesaidia.

Swali la kwanza tunalogombania ni kumhamisha. Mume wangu amekubali baba aje kwetu, na sina neno la kutosha la kumshukuru. Tunaishi Kisauni, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, na ngazi zake hazina mahali pa kushika. Baba alikaa nasi wakati wa vipimo, akawa mbaya kuliko alivyokuwa nyumbani. Hakujua choo kiko wapi, alijaribu kila kitasa usiku kucha, na alilia, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu. Tena kuna suala la kuoga. Mimi ni binti yake, na kwa desturi zetu siwezi kumwogesha baba yangu, naye hata katika hali hii hataki. Mume wangu hutoka alfajiri. Kijana wangu wa kidato cha pili ndiye aliyemwogesha, kwa heshima kubwa, lakini sioni kama ni haki kumtwika mzigo huo kila siku.

Zaidi ya hayo, baba mwenyewe hataki kutoka. Asubuhi moja akili yake ilipokuwa imetulia nilimweleza wazi ni nini tunachokihofia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, “Mwanangu, nikiondoka hapa watasema nimekimbia.” Sijapata jibu la maneno hayo. Kaka yangu naye anasema vivyo hivyo kuhusu kumpeleka kituo cha Kaya Godoma: kwamba siku tutakapompeleka tutakuwa tumekiri mbele ya kijiji kizima. Nami naona kwamba mahali pale ni kwa wale ambao hawana tena pa kurudi, na sisi hatujafika huko, ingawa kila simu inayolia usiku hunifanya nijiulize kama tunangoja mpaka tufike. Nyumba nyingine za wazee nchini ni chache, nyingi ziko chini ya watawa na makanisa, na sina hakika kama zinampokea mzee anayetangatanga usiku.

Ninaloliona mimi kuwa sahihi ni kuusema ugonjwa wazi. Ningependa tumwombe chifu atupe nafasi katika baraza, mhudumu wa zahanati asimame aeleze dimenshia ni nini na kwa nini mgonjwa hutembea usiku, kisha tuwaombe majirani kwamba wakimkuta baba wamwite kwa jina na wamrudishe nyumbani. Tangu 2023 serikali imeweka wahamasishaji wa afya ya jamii vijijini, nao hupita nyumba hadi nyumba wakipima presha na sukari. Yule wa kwetu anajulikana na kuaminiwa, na mama wa mtoto aliyeugua ni rafiki yake. Naamini mtu anayeaminiwa akiingia katika nyumba ile na kuzungumza taratibu, atafanya kazi ambayo sisi wenye mgonjwa hatuwezi kuifanya.

Kaka yangu anapinga, na moja ya hoja zake siwezi kuipuuza. Shamba liko kwa jina la baba, na wana wa ami yetu wamekuwa wakidai sehemu yake tangu zamani. Anasema kwamba tukitangaza barazani kuwa akili ya baba ina maradhi, kila mpaka alioushuhudia utafunguliwa upya, na atatokea mtu na karatasi ya kumwekesha kidole gumba. Najua kwamba uuzaji wa shamba la kilimo unahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na nimesikia kwamba familia inaweza kuomba zuio liandikishwe katika ofisi ya ardhi, lakini sijui kama zuio hilo linaweza kuombwa na watoto ilhali baba yu hai, wala kama kuliomba hakutaonekana kuwa sisi wenyewe tunamnyang'anya.

Hoja yake ya pili ni aibu, na hapo sikubaliani naye hata kidogo. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Sioni heshima gani anayoipata baba kwa kupakwa rangi nywele na kufungiwa kwa kufuli ili watu wasijue anaumwa.

Kuhusu fedha, mdogo wetu aliye Qatar amejitolea kumlipa mwanamume mmoja alale na baba, amwogeshe na atembee naye anapotaka kutembea. Bima ya afya ya serikali, SHA, tunamlipia sisi watoto, na shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, zinapofika, huishia kwenye dawa. Mlinzi huyo tungempata, lakini wawili tuliowauliza kijijini walikataa baada ya kushauriana na wake zao, na mtu wa kutoka mbali ataulizwa amekuja kufanya nini.

Basi ninaomba kujua kutoka kwa waliopitia haya. Je, mliposema wazi ugonjwa wa mzee wenu mbele ya majirani, hatari ilipungua au iliongezeka, na ni nani aliyesikilizwa zaidi: chifu, mchungaji, sheikh, au mtu wa afya? Je, yuko aliyemhamisha mzazi aliyekataa kuhama, na baada ya miezi michache mzee alizoea? Tungefanyaje ili mlango usifunguke usiku bila kumfungia mtu ndani ya nyumba ya makuti? Wanasheria nao ningewaomba watueleze ni hatua gani ya kulilinda shamba inayofaa kutangulia kabla ya baraza, na kama ripoti ya daktari itatusaidia au itatumiwa dhidi ya baba.

Mdogo wetu atakuja likizo Desemba, na hapo sote wanne tutaketi mbele ya baba tuamue. Nitawasomea ndugu zangu majibu yote nitakayoyapata, na yale ambayo baba ataweza kuyafuata nitamsomea yeye mwenyewe.

Wako mwaminifu,
Binti wa Kaloleni,
Mombasa